Kwa dereva mgeni Uganda: kulia ndiko kwa kupitia, lakini tazama kwanza

Pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, tukisubiri karatasi zitoke, hakosekani kijana wa kuniuliza: "Mzee, Uganda gari linapitwa upande gani?" Wenzake waliotoka Mombasa hucheka. Mimi sicheki. Anayeuliza mara nyingi ametoka Bukavu au Bujumbura, ambako watu huendesha kulia na gari hupitwa kushoto, na swali lake lina maana kuliko kicheko chao.

Uganda tunaendesha kushoto, kama Kenya na Tanzania. Aliye mbele yako unampita kwa kulia. Kushoto utampita akiwa ameonyesha kwamba anakata kulia na lami ya kukutosha ipo, au mkiwa kwenye barabara ya njia kadhaa za upande mmoja na foleni yako ndiyo inayosonga. Kwingine kote kumpita mtu kushoto ni kosa, hata kama teksi kumi zimechomoka huko mbele ya macho yako na afande amesimama palepale anazitazama.

Na usidhani ni kosa la kwenye karatasi tu. Matatu, ambayo huku huitwa teksi, mlango wake wa abiria uko kushoto. Ikisimama ghafla Lugazi kumshusha mama na mizigo yake, wewe uliyejipenyeza kushoto ndiye utakayemkuta mlangoni. Ukingo wa lami ni wa boda boda, wa watoto wa shule, wa baiskeli zilizobeba mikungu ya matoke. Halafu kuna Najjembe, kwenye msitu wa Mabira, ambako wauza kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, hukimbilia gari lolote linalopunguza mwendo. Magari yanaingia kushoto bila taarifa na kutoka bila taarifa, maana kila dereva ana njaa. Nami nimo.

Sasa indiketa, na hapa nitakaa kidogo. Hii ni lugha ya barabarani, hamkufundishwa mlipotafuta leseni. Ukiwa nyuma ya trela usiku, dereva wake akiwasha ya kulia anaweza kuwa anakuambia: tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto: pita. Ni adabu ya watu wa masafa marefu na imeniokoa mara nyingi. Lakini indiketa ileile ya kulia inaweza kuwa na maana yake ya asili, kwamba bwana huyu anakata kulia kuingia kituo cha mafuta, na wewe ukichomoka wakati huo utamkuta ubavuni. Ya kushoto nayo, pengine mtu anataka kuegesha tu akajisaidie, wala hana habari kwamba uko nyuma yake. Nilimwona kijana mmoja karibu na Lukaya akiitii indiketa ya namna hiyo. Alipotoka nje ya mstari akakuta taa za basi. Alirudi ndani kwa sababu mwenye trela alikanyaga breki akamwachia nafasi. Basi lilipita likipiga honi hadi likapotea.

Kwa hiyo ishara ya mwenzako ipokee kama salamu, kisha hakikisha kwa macho yako. Na ukiwa wewe ndiye wa mbele, usimwite mtu apite kama huoni mbele vizuri. Kaa kimya. Atatukana, atapoa.

Hesabu ya kupita ifanye ukiwa kwenye kiti cha chai, maana ukishatoka nje ya mstari huna muda wa kuhesabu. Chukua trela la mita 17 hivi linakwenda kilomita 60 kwa saa. Wewe nawe una trela kama hilo, unakwenda 80. Unamzidi 20 tu. Ukianza kumpita ukiwa mita 20 nyuma yake na ukarudi ndani ukiwa mita 20 mbele yake, umelazimika kumzidi mita 74. Hizo ni sekunde 13. Ndani ya sekunde hizo wewe umekula karibu mita 300 za lami, na gari linalokuja kwa 100 limekula 360 na zaidi. Jumla ni zaidi ya nusu kilomita ya barabara tupu, na hapo hujakutana na kilima. Milima ya Kabale asubuhi, ukungu haujaondoka, hata mita mia huzioni.

Oktoba 2025, usiku wa manane, mabasi mawili yaligongana uso kwa uso wilayani Kiryandongo kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu. Kwa maelezo ya polisi, yalikuwa yanatoka pande tofauti, na kila moja lilikuwa linapita gari jingine. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wapo watakaokuambia kwamba kulia ndiko kuliko salama kwa kuwa sheria imeruhusu. Waulize mabasi yale yalikutania wapi.

Usukani wa kushoto ni shida ya peke yake. Magari mengi ya Congo yako hivyo, na ukiliendesha Uganda unakaa upande wa majani. Ili uone kama mbele kuna gari, inabidi utoe nusu ya bodi nje ya mstari, na ukishaitoa umeshaanza kupita. Wengi humtegemea utingo aliyekaa kulia. Nami nilimtegemea, mwaka wangu wa kwanza, na gari la mtu wa Butembo, Congo. Tukiwa nyuma ya tangi la mafuta baada ya Iganga, nikamuuliza utingo, "Vipi?" Akajibu, "Iko! Iko!" Mimi nikasikia iko sawa. Kwa Kiswahili cha kwao alikuwa anasema motoka iko, inakuja. Nilirudi ndani kioo cha pembeni kikiwa kimeshakwenda. Tangu siku ile, gari la usukani wa kushoto silipitishi mbele ya mwenzake ila kwenye mlima wenye njia ya ziada au mahali ninapoona mbali kwa macho yangu. Na utingo tunapatana maneno mawili kabla hatujawasha injini: "subiri" na "wazi". Mengine atayasema tukifika.

Ukipita Kakira jioni, jua kwamba trekta la miwa halivuti trela moja. Yako mawili, matatu, na la mwisho huenda halina taa. Unaona mwisho wa trekta, unarudi kushoto, kumbe miwa bado iko ubavuni mwako.

Mnaovuka Mpondwe kutoka Congo au Elegu kutoka Sudan Kusini, mlikokuwa mnaendesha kulia, mkirudi Uganda hatari yenu haiko pale mpakani. Pale kuna watu na geti, mtu hakosei. Hatari ni kesho yake alfajiri, umelala kwenye kituo cha mafuta, unatoka barabara ikiwa tupu, hakuna gari la kulifuata. Mkono unakupeleka kulia wenyewe. Mimi, nikiwa na usukani wa kulia, kabla ya kuingia lami namuuliza utingo majani yako upande wa nani. Akisema "wangu", naachia klachi.