Mkate wa nyama: usiikande hiyo nyama!

Mkuu wa Uyole, Mbeya, simama hapo hapo. Umesema unaandaa mkate wa nyama (nyama ya kusaga inayookwa ndani ya chombo, ikakatwa slesi) wa watu wanane kwa chakula cha usiku Jumapili, na kwamba nyama utaikanda "dakika kumi mpaka ilainike kama unga wa chapati", halafu ukauliza kama jiko la mkaa linafaa. Hiyo ya dakika kumi ifute kabisa. Kilo mbili zangu ziliishia hapo hapo.

Anayekuambia ukande nyama mpaka inate anakufundisha kababu. Kababu ya kijiti lazima ikandwe, la sivyo itadondokea kwenye mkaa. Mkate wa nyama unakaa ndani ya chombo, unanata ili ushike nini? Hawa wa video wanaochanganya vitu hivi viwili wananikera mno. Wanaonyesha mikono inavyokanda, wanaonyesha mkate ukitoka jikoni, lakini mtu akitafuna hawamwonyeshi.

Chumvi inayeyusha protini za nyama, na kadiri unavyovuruga ndivyo zinavyoshikana kama gundi. Ikipata moto, gundi hiyo inajikaza na kukamua maji na mafuta yote. Ukifunua unakuta kipande kimesinyaa katikati ya chombo, kimezungukwa na supu. Ukikata, slesi ni laini kama soseji, na ukiibonyeza inarudi kama mpira.

Kwa hiyo nyama iingie MWISHO. Loweka slesi tatu au nne za mkate wa jana kwenye nusu kikombe cha maziwa, uponde mpaka uwe uji mzito. Huo mkate unakaa katikati ya nyama na kuizuia isigandamane, usiuache ati unabana matumizi. Ongeza mayai mawili, kitunguu kikubwa kilichokaangwa kikapoa (kibichi kinatoa maji na kupasua mkate), kitunguu saumu, pilipili manga, na chumvi vijiko viwili vya chai visivyojaa. Koroga hapo uwezavyo. Kisha tawanya juu yake kilo moja ya nyama ya kusaga, tanua vidole kama reki, uinue na kugeuza. Hesabu hadi thelathini, toa mikono. Nyuzi za nyama bado zinaonekana? Vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Ikianza kung'aa na kung'ang'ania ukuta wa bakuli, umeshachelewa: hiyo itie kwenye vijiti, kuleni kababu.

Buchani omba nyama ya bega yenye mafuta kiasi, isagwe mara moja tu. Ikisagwa mara mbili imeshaanza kunata kabla hujaigusa. Na baridi ya huko isikushawishi kuisogeza jikoni ilainike, maana mafuta yakiyeyuka mapema yataishia chini ya chombo.

Jiko la mkaa linafaa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu unene wa vidole viwili, pasha dakika ishirini, weka chombo juu ya mchanga, funika, na mkaa wa juu ya mfuniko uwe mwingi kuliko wa chini. Mwenye oveni aweke 180°C. Kilo moja huchukua saa moja hadi saa moja na robo. Ukiwa na kipimajoto, katikati isome 71°C. Usibonyeze juu na mwiko wakati wa kuutia chomboni, huko nako ni kukanda! Ukitoka, kaa nao mbali na kisu dakika 15, maji yarudi ndani.

Na kama kuna shangazi au wifi atakayekuja kukusaidia, mwambie mapema: bakuli la nyama lina mtu mmoja. Wewe ukishahesabu thelathini, yeye akaja "kumalizia kuchanganya", mkate umekwisha.