Swali la Lugha: Jeni "Haipatikani" Ubongoni?

Swali: Naandaa maelezo ya biolojia kuhusu ukuaji wa ubongo wa kiinitete. Niseme "usemi wa jeni" au "udhihirishaji wa jeni"? Tena, nimeandika: "Jeni PAX6 inapatikana sehemu ya mbele ya gamba la ubongo, nyuma haipatikani." Ni sawa?

Jibu: Andika "udhihirishaji". Asili yake ni Kiarabu, maana yake kuonekana wazi, na ndivyo ilivyo: taarifa iliyofichika katika DNA hunakiliwa kuwa RNA, kisha mara nyingi protini. "Usemi" ni kazi ya kinywa. Jeni haina kinywa.

Sentensi yako ya pili ndiyo inayonikera, maana naikuta kila mahali, hata kwenye maandishi ya wataalamu. PAX6 iko kwenye kromosomu ya 11, nakala mbili katika karibu kila seli ya mwili, mpaka ngozi ya kisigino. Ukisema jeni "haipatikani" umedai kwamba imenyofolewa. Hilo hutokea kweli: mtoto aliyekosa nakala moja ya PAX6 kwa kawaida huzaliwa na macho ambayo ile sehemu ya rangi haipo au ni pungufu. Je, ndicho ulichokusudia?

Tazama maabara wanachokiona. Kipande chembamba cha ubongo huhifadhiwa kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4, kemikali inayozuia kuoza, kisha huwekewa kipande cha RNA chenye alama, kinachoshikana na RNA ya PAX6. Penye rangi ya zambarau, itokanayo na alama hiyo, pana RNA ya PAX6. Pasipo rangi, RNA ni chache mno au haipo, ama imeharibiwa na vimeng'enya vya vidole visivyovaa glavu. Jeni yenyewe iko palepale.

Isitoshe, rangi haikatiki ghafla. Katika seli zinazozaa nyuroni (seli za neva), hukolea mbele na pembeni, ikififia kuelekea nyuma na katikati, ambako jeni nyingine, EMX2, ndiyo hukolea. Kwa sababu hiyo maneno ya jeni "kuwashwa" na "kuzimwa" nayavumilia kwa shingo upande: yanafaa seli inapogeuka nyuroni na PAX6 kunyamazishwa, jeni TBR2 kisha TBR1 zikishika zamu, lakini hayaelezi kiasi.

Andika hivi: "Katika gamba la ubongo wa kiinitete, jeni PAX6 hudhihirika zaidi mbele na pembeni, ikipungua kuelekea nyuma." Lile "haipatikani" lifute.