Saa sita kugeuza harusi ya saa mbili

Swali: Papa fundi, ninapiga video za harusi hapa Kadutu. Harusi ya saa mbili inachukua saa sita kugeuka DVD, na familia inataka kopi kumi. Naambiwa niongeze RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ni kweli?

Jibu: Kaka, pesa ya RAM iache mfukoni kwanza. Kugeuza video ni kazi ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Kazi ikiendelea, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja (kwenye Windows) utazame asilimia ya prosesa na ya diski. Prosesa ikiwa karibu 100, ndiyo inayobeba mzigo. Ikiwa 20 huku diski iko 100, huenda unasoma video kutoka kwenye flashi. Ihamishie kwanza ndani ya kompyuta.

Lakini nadhani unageuza mara mbili. Wengi hapa Bukavu wanafanya hivyo bila kujua: wanahariri, wanatoa faili ya video ya aina ya MP4, halafu programu ya DVD inaigeuza upya yote kuwa aina nyingine, MPEG-2, maana DVD ya kwenye deki ndiyo inavyotaka. Toa MPEG-2 palepale unapohariri: mfumo wa TV wa PAL, picha ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, sauti ya aina ya AC-3. Kwa saa mbili weka kilobiti 4,800 kwa sekunde. Ukizidisha sana, haitaenea kwenye diski ya GB 4.7. Chagua pasi moja. Pasi ya pili inaipitia video yote tena, na kwa harusi sioni faida yake.

Kisha tengeneza faili ya ISO, yaani DVD nzima ndani ya faili moja, mara moja tu, na kopi zote kumi zichomwe kutoka humo.

Choma kwa kasi ya 8, kama dakika nane hadi kumi kwa diski iliyojaa. Kasi ya 16 inaokoa dakika chache tu. Diski huchomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndipo kasi inapofika juu kabisa. Diski za bei rahisi hushindwa hapo, kwa hiyo video inakwama mwishoni, wakati wa zawadi. Mama wa bibi harusi atakurudishia.

Fungua pia feni. Laptopu moja niliyofungua Nyawera ilikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi. Prosesa ilijipunguzia kasi ili isiungue. Brashi laini ilitosha.

Na kama kompyuta yako ni ya mezani, usianze kuchoma siku umeme unapokatika-katika. Ukikatika katikati, diski hiyo imekufa.