Kagua tarehe yako ya kuingia jeshini kabla hujasaini karatasi za kustaafu

Ndugu zangu mlioko kwenye jeshi la Marekani, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wote, na nyinyi wenye mume au mke au mtoto huko ndani, naomba mnisikilize kwa hili. Watu wetu walioingia miaka ya 2000 ndo sasa wanafikisha miaka 20 na kuanza kutoka, na kila nikikutana na mtu anayejiandaa kustaafu namuuliza kitu kimoja, DIEMS yako ni tarehe ngapi? Wengi hawajui naongelea nini, wanajua tu siku waliyopanda basi kwenda depo, yaani kambi ya mafunzo. Sasa hiyo siku ya kupanda basi mara nyingi siyo tarehe inayohesabika, na hapo ndipo pesa inapopotelea.

Nieleze kwanza maana bila hii hutanielewa mbele. Kwenye rekodi yako kuna tarehe tatu zinazofanana na watu wanazichanganya, hata makarani. DIEMS ni ile siku ya kwanza kabisa uliyoapa na kusaini mkataba, hata kama ulisaini ukiwa bado unasubiri nyumbani kwenye ule mpango wa kuchelewa kuingia wanaouita DEP, hata kama ilikuwa jeshi la akiba, hata kama ulitoka ukarudi baada ya miaka mitano. Hiyo haibadiliki, na kazi yake ni moja tu, kuamua uko kwenye mpango gani wa pensheni. Ya pili ni PEBD, kwenye LES yako, ile karatasi ya mshahara, imeandikwa PAY DATE, hii ndiyo inayohesabu miaka yako ya mshahara, na yenyewe inasogezwa mbele kama ulikaa nje ya jeshi katikati, na kwa sisi wa siku hizi muda wa kusubiri kwenye DEP hauingii humo. Ya tatu ni BASD, inahesabu utumishi wa kudumu peke yake, ndiyo inayosema kama umefikisha ile miaka 20 au bado. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na tarehe tatu tofauti na zote zikawa sahihi! Kosa linakuja pale karani anapoona hazilingani akaamua kuzifanya zote ziwe moja.

Sasa pesa. Ukiwa na DIEMS ya kuanzia Septemba 8, 1980 mpaka mwisho wa 2017 kwa kawaida uko kwenye mpango wa High-3, yaani wanachukua wastani wa miezi 36 uliyolipwa mshahara wa msingi mkubwa zaidi, wanazidisha na asilimia 2.5 kwa kila mwaka wa utumishi. Miaka 20 ni asilimia 50. (Kama ulichukua ile bonasi ya dola 30,000 ya mwaka wa 15 hesabu yako ni nyingine, wewe unajijua.) Ukiwa na DIEMS ya Januari 1, 2018 na kuendelea uko kwenye mpango mpya, BRS, huko ni asilimia 2 kwa mwaka, miaka 20 ni asilimia 40, ila serikali inakuchangia kwenye TSP, akaunti yako ya kuwekeza kwa ajili ya uzeeni, mpaka asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Chukua mtu mwenye wastani wa dola 5,000 kwa mwezi, High-3 atapata 2,500 na BRS 2,000. Dola 500 kila mwezi, 6,000 kwa mwaka, mpaka anaingia kaburini. Sitaki kusema BRS ni mbaya, kwa mtu atakayetoka kabla ya miaka 20 ni nzuri sana maana anaondoka na kitu, lakini uwepo huko kwa sababu sheria imekuweka au wewe mwenyewe umechagua, sio kwa sababu mtu kaandika tarehe ya depo badala ya tarehe ya kuapa.

Na hili linawahusu hasa vijana wetu walioingia kupitia MAVNI, ule mpango wa kuchukua watu wenye lugha, Kiswahili kikiwemo. Mpango ulisimamishwa 2016 na wengi waliokuwa wameshasaini wakakaa wakisubiri uchunguzi wa usalama muda mrefu sana. Kuna watu waliapa 2015 au 2016, wakaenda depo 2018 au baada ya hapo. Kama wewe ni mmoja wao fungua LES yako leo, angalia sehemu iliyoandikwa DIEMS na pembeni yake RET PLAN, kama inasomeka 2018 au 2019 na wewe mkataba wako wa kwanza ni wa 2016, kuna kosa, na bado una miaka mingi mbele ya kulirekebisha kwa urahisi.

Shida yangu mimi ilikuwa ya PEBD. Nilianza jeshi la akiba 2001, nikahamia jeshi la kudumu 2003, miaka yote tarehe yangu ilikuwa sawa, nikiiona kwenye LES ni ile ile. Karibu na mwisho, rekodi zilipohamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, ile miaka miwili ya akiba ikafutika, PAY DATE ikawa 2003, mshahara ukashuka ngazi na juu yake nikaandikiwa deni eti nimelipwa zaidi. Kwenye jedwali la mishahara sajini wa daraja langu anapanda akivuka miaka 18, 20, 22, kwa hiyo miaka miwili ni ngazi nzima, na ngazi hiyo ndiyo ilikuwa inaingia kwenye ile miezi 36 ya mwisho ya kukokotoa pensheni. Niliumia sana, sio kwa hela tu, ile miaka miwili nilikuwa nafanya kazi ya usiku ghalani na wikiendi niko kwenye drili, yale mazoezi ya jeshi la akiba, halafu karatasi inasema haikuwepo.

Na kuna kitu kingine kwenye hiyo miaka ya akiba ambacho watu hawaambiwi. Drili zako za akiba hazikusaidii kufikisha miaka 20 ya utumishi wa kudumu, hilo ni kweli, lakini zinaingia kwenye asilimia ya pensheni! Unachukua pointi ulizopata kwa hizo drili unagawanya kwa 360. Tuseme una pointi 144, ni sehemu ya 0.4 ya mwaka, zidisha kwa 2.5 unapata asilimia 1. Kwa yule mtu wetu wa dola 5,000 ni dola 50 kila mwezi, dola 600 kwa mwaka, na ukiishi miaka 20 baada ya kustaafu ni 12,000. Miezi pia inahesabika, kila mwezi uliokamilika ni moja ya kumi na mbili ya mwaka, kwa hiyo hata tarehe iliyokosewa kwa siku chache inaweza kukuangushia mwezi mzima.

Nilichojifunza, na ndicho nataka ukishike kuliko vyote, anayekulipa siye anayemiliki tarehe. DFAS, ile ofisi ya malipo ya jeshi, wanalipa kwa kufuata walicholetewa na jeshi lako, ukiwapigia simu mara mia watakwambia rudi kwenye tawi lako, na wako sahihi. Mwenye mamlaka ya kurekebisha ni upande wa utumishi, kwa Army ni S-1, ofisi ya utumishi ya kikosi chako, kwanza, halafu kwa walio jeshi la kudumu na la akiba ni HRC, makao makuu ya utumishi pale Fort Knox, na kwa National Guard ni makao makuu ya jimbo lako. Kwa hiyo usipoteze miezi kugombana na watu wa malipo.

Halafu usiende mikono mitupu. Ukienda ukasema tu "tarehe yangu sio" utarudishwa. Karatasi mama ni DD Form 4, mkataba wenyewe wenye saini na tarehe ya kiapo, pamoja na viambatisho vyake vyote, sio ukurasa wa kwanza tu, maana yule anayepitia DEP anaapa mara mbili na tarehe zote mbili zimo humo, ya kwanza ni ya DIEMS na ya pili ndiyo ya kuanza kazi. Ongeza DD 214 zote ulizonazo (karatasi ya kutoka jeshini), NGB 22 kama ulipita National Guard (hiyo ni ya kutoka Guard), karatasi ya pointi (Guard ni NGB 23, Army Reserve ni DA 5016), na LES za zamani zinazoonyesha tarehe ilivyokuwa kabla ya kuharibika. Kwa kesi yangu LES za zamani ndizo zilizoondoa ubishi. Kwa Army muombe karani akuandalie DA Form 1506, hiyo ndiyo fomu ya kupanga vipindi vyako vyote vya utumishi kimoja baada ya kingine na kutoa PEBD mwishoni, na usikubali afanye peke yake, kaa pembeni yake, kila kipindi kiwe na karatasi yake. Kama mkataba umepotea angalia kwanza faili lako la kielektroniki, na walioshatoka wanaomba kwa SF 180 kwenye kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna matatizo yetu wenyewe hapa. Moja ni majina. Wengi tuliingia na majina matatu, tukipata uraia tukabadilisha au tukapunguza, sasa rekodi ya akiba iko kwa jina moja na ya jeshi la kudumu kwa jina lingine na hakuna anayeziunganisha, ambatanisha cheti cha uraia au amri ya mahakama kila unapotuma kitu. Lingine ni namna ya kuandika tarehe, sisi tunaanza na siku Wamarekani wanaanza na mwezi, 03/08/2004 kwako ni Agosti 3 kwake ni Machi 8, kwa hiyo kwenye barua zako andika mwezi kwa herufi. Na wale ndugu zetu waliokulia makambini, Kakuma, Dadaab, Nyarugusu, ambao wamepewa Januari 1 kama siku ya kuzaliwa, hakikisha angalau mwaka unafanana kila mahali, hasa kama unastaafu kutoka akiba ambako pensheni kwa kawaida inaanza kulipwa ukifika miaka 60.

Kwa watu wa akiba na Guard niongeze hili. Kwenu mwaka mzuri ni ule wenye pointi 50 na mnahitaji miaka 20 ya namna hiyo. Huo mwaka hauanzi Januari, unaanza kwenye tarehe yako wewe ya kuingia. Hiyo tarehe ikiandikwa vibaya pointi zinagawanyika vibaya, mwaka mmoja unajikuta una 47 na hauhesabiki kabisa wakati drili zote ulienda. Nimeona mtu anaambiwa ana miaka 18 wakati ana 20, na tatizo lilikuwa tarehe tu. Kagua karatasi yako ya pointi kila mwaka ikitoka, usisubiri ile barua ya kukujulisha kwamba umefikisha miaka 20.

Lini ufanye haya? Mimi nasema miaka mitatu kabla, kwa sababu ndo ile miezi 36 yako inaanza kuhesabiwa. Angalau mwaka mmoja kabla, wakati bado una kamanda, una S-1 wa kumfuata mlangoni, una sajini meja wa kumlilia. Ukishaanza likizo ya mwisho kila kitu kinakuwa cha simu na barua pepe. DD 214 usiisaini kwa haraka, na DD 2656, ile fomu ya malipo ya wastaafu, soma tarehe na mpango uliowekwa kabla ya kuiacha mezani. Watakuharakisha. Wewe soma tu mpaka mwisho. Na kama umeandikiwa deni kama mimi, kuna fomu ya kuomba lifutwe, DD 2789, lakini kwanza rekebisha tarehe maana deni lililotokana na tarehe mbovu linatakiwa liondoke na hiyo tarehe.

Ukikwama kikosini, mwandikie mbunge wako wa Congress. Ofisi yake ina watu wa kazi hiyo, unasaini karatasi ya kuwaruhusu waone taarifa zako, na wao wanauliza jeshini moja kwa moja. Huhitaji kumjua mtu wala kutoa hela. Nilichelewa kuamini hili kwa vile nilikotoka mimi mbunge unamuona wakati wa kampeni, lakini barua ya ofisi hiyo ndiyo iliyofanya faili langu lisogee.

Kama umeshastaafu bado mlango upo. Unaomba kwa DD Form 149 kwenye bodi ya kurekebisha rekodi ya tawi lako, Army ina yake, Air Force yake, Navy na Marines wana moja, Coast Guard yake. Sheria inasema uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, wanaweza kulegeza wakiona haki inadai hivyo, ila usiitegemee hiyo. Ombi ni bure. Bodi inaanza kwa kuamini kwamba rekodi iko sawa, wewe ndiye wa kuthibitisha, kwa hiyo andika kifupi, sema tarehe iliyopo ni ipi, inatakiwa kuwa ipi, na karatasi gani inaonyesha hivyo, basi. Malalamiko ya namna ulivyotendewa weka pembeni. Inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Msaada wa kujaza upo bure kwa maafisa wa maveterani wa kaunti yako na vyama kama American Legion, VFW na DAV, yeyote anayekuomba asilimia ya pensheni yako ili akusaidie kujaza fomu mkatae.

Na kwa wajane na watoto, hata mhusika akiwa amefariki familia inaweza kuomba kwenye bodi hiyo hiyo, mnaambatanisha cheti cha kifo na cheti cha ndoa au cha kuzaliwa. Kama alikuwa amejiunga na SBP, ule mpango wa kuilipa familia mstaafu akifariki, kwa kiwango kamili, mjane analipwa asilimia 55 ya pensheni, kwa hiyo ikiwa pensheni ilikokotolewa kwa tarehe mbovu na malipo ya mjane nayo yanapunjika. Cheti cha ndoa cha huko nyumbani, kama ni cha Kiswahili au kimetolewa msikitini, kitafsiriwe na mtu anayethibitisha tafsiri yake kwa saini, na mtume nakala, cheti chenyewe kibaki kwenu.