Wasomaji Wauliza: Sola au Sigiri, Tuanzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, tunaishi Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 chenye nyumba ya mabati, migomba michache na bustani ndogo ya mboga za majani, nakati na doodo. Tumeweka akiba kidogo, na mume wangu anataka tununue paneli za sola ili nyumba yetu ipunguze kuharibu mazingira. Mimi naona moshi wa jikoni na takataka ndivyo vyenye shida kubwa zaidi. Tuanzie wapi? – Mama Bugembe

JIBU: Mama, umeona vyema. Ikiwa nyumba yenu imeunganishwa na gridi, umeme mnaoutumia hutoka kwa sehemu kubwa katika mabwawa ya mto Naili, ambayo matatu kati yake, Nalubaale, Kiira na Bujagali, ni majirani zenu. Paneli zitawafaa umeme unapokatika, lakini hazitapunguza sana madhara mnayoyasababisha. Kama mngekuwa mnawasha taa za mafuta, ningemuunga mkono mumeo bila kusita.

Madhara makubwa yamo katika sigiri, yaani jiko la makaa. Kilo 1 ya makaa yaliyochomwa katika tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 6 za kuni, na mara nyingi zaidi ya hapo. Uharibifu huo wa misitu ndio uliomfanya Rais Museveni, mwezi Mei 2023, apige marufuku biashara ya makaa yatokayo kaskazini mwa Uganda. Marufuku hiyo, kwa maoni yangu, haiwezi kufanikiwa iwapo sisi wa mijini tutaendelea kununua magunia yaleyale kwa njia za panya. Kwa hiyo nunueni sigiri yenye bitana nzuri ya udongo, lowekeni maharagwe usiku kucha na kumwaga maji yale kabla ya kuyabandika, wala msipike bila kufunika. Akiba ikitosha, nunueni sufuria ya presha ya umeme kabla ya paneli, kwa sababu maharagwe yanayokaa juu ya sigiri saa 2 au 3 huiva humo kwa muda usiofika saa 1, bila moshi wa kuwaumiza watoto. Na matoke yafunikeni kwa majani ya migomba yenu wenyewe. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, juu ya chakula cha moto ni mazoea mabaya, hata kama mpishi wa hotelini hufanya hivyo.

Kuhusu takataka, sehemu kubwa ya uchafu wa nyumba zetu ni maganda na mabaki ya chakula. Yakifukiwa pamoja mahali pasipopitisha hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo hupasha joto anga kuliko hewa ukaa. Jaa la Kiteezi, la takataka za Kampala, lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu wengi, lilikuwa limejazwa kwa miaka mingi na uchafu wa namna hiyo, ambao mwingi wake ungeweza kubaki bustanini.

Maganda ya matoke yana maji mengi, na ukiyarundika peke yake yatageuka ute mweusi wenye harufu na nzi. Kila ndoo ya maganda ifunike kwa ndoo 2 za vitu vikavu, kama majani makavu ya mgomba na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, kisha geuza rundo kwa uma kila wiki au mbili. Ukiingiza mkono katikati na kuhisi joto, kazi inaendelea. Likiwa baridi na limelowa, ongeza vikavu. Likiwa baridi na kavu, nyunyiza maji. Baada ya miezi 3 hivi utapata mboji nyeusi inayonuka kama udongo wa msituni, ya kutosha kuiweka kuzunguka migomba na kwenye matuta ya nakati. Majivu ya sigiri tia kiasi kidogo tu. Kama jirani anafuga mbuzi, mpe yeye maganda kwanza, naye akupe samadi.

SWALI: Nataka kutandaza vitofali vya saruji uani kote kwa sababu ya matope. Jirani ananikataza. Nani ana haki? – Mzee wa Mukono

JIBU: Mzee wetu, jirani ana haki, kwani mvua haitapenya ardhini uani kwako, na maji yako yote yataishia kwake. Tandaza njia ya kupita tu, kwingine panda nyasi, kisha yakinge maji ya paa: mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 50 ni lita 1,000, na hata sehemu ikipotea utabaki na takriban lita 800 ambazo hazitageuka matope. Maji ya mwanzo yanayoosha vumbi la paa yaache yapite, na mdomo wa tangi ufunike kwa wavu mwembamba ili mbu wasizaliane humo.