Siku niliyosahau kupika chai

Asubuhi ile nilisimama mbele ya jiko la gesi, sufuria mkononi, na sikujua kinachofuata. Maji kwanza au maziwa? Majani yalikuwamo koponi, iliki nimeshaiponda, na chai yenyewe naipika tangu nina miaka tisa. Nikaketi sakafuni. Mama aliponikuta akauliza, "Mwanangu, una nini?" Nilitaka kumjibu. Maneno hayakuja.

Nina usonji (autism). Daktari aliniambia nikiwa na miaka 31, baada ya kuishi nikidhani kila mtu huchoka hivi ila wenzangu ni wavumilivu zaidi. Nakuandikia wewe ambaye ubongo wako nao una njia zake, umeishiwa nguvu, na kila unayemweleza anakwambia pumzika tu.

Mimi nilipumzika. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, si chini ya hapo, nami nilizichukua zote kwa mpigo. Nikalala. Nikarudi kwenye ofisi yetu ya kutoa makontena bandarini, na kufikia Jumatano nilikuwa vile vile.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kuishiwa, uitwao kwa Kiingereza burnout, katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za afya, kuwa ni jambo la kazini linalotokana na msongo usiodhibitiwa. Kwa maelezo hayo, kazi ikipungua mtu atapona. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Portland State University, Marekani, wakiongozwa na Dora Raymaker, waliwasikiliza watu wazima wenye usonji wakaandika habari nyingine: uchovu wa miezi mitatu na zaidi, kupotewa na mambo uliyokuwa ukiyaweza, na kutostahimili kelele na mwanga. Mojawapo ya mizigo waliyoitaja ni kujificha, yaani kuigiza kutwa kuwa kama wengine. Nilipofika pale pa kupotewa na uwezo nililia. Niliikumbuka ile sufuria.

Maana kujificha nilikujua. Nyumbani kwetu, kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, hakuna aliyeniona wa ajabu. Ofisini niliambiwa nina jambo nalificha. Basi nikajifunza kumtazama mtu baina ya nyusi huku nahesabu moja hadi nne. Nilikariri salamu na majibu yake, nikakariri na wakati wa kucheka. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na kivuko cha Likoni, hapa Mombasa, saa moja asubuhi: honi, injini, marashi, jasho, bega la mtu kwenye bega langu. Nilikuwa nafika kazini nimeshamaliza siku.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usihesabu saa za kazi peke yake, hesabu na saa za kuigiza. Hizo ndizo nilizoanza kupunguza. Niliomba kuingia saa nne, msongamano wa feri ukishalegea. Nikanunua vizibo vya masikio, nikaomba ruhusa ya kuvivaa kazini. Mambo marefu nikaomba niandikiwe badala ya kupigiwa simu. Bosi alikubali mawili, la tatu akakataa, na hayo mawili yalitosha kunishikilia.

Nenda pia ukapimwe. Upungufu wa damu na sonona (depression) huweza kufanana sana na hali hii, na zinaweza kukupata kwa pamoja. Hapa Mombasa, hospitali ya Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili. Sonona iliponishika zamani sikutamani kitu. Safari hii nilitamani, nguvu ndiyo haikuwapo. Mweleze daktari tofauti hiyo kama unaiona kwako.

Mama aliamini ni kijicho. Akaniletea kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, nikalinywa, kwa sababu lilitoka mkononi mwake. Ila kilichonisaidia zaidi ni kwamba alizima redio, akafunga pazia, akakaa nami bila kuniuliza neno. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, mwambie waziwazi kuwa ukimya wake ni dawa. Huenda hajui.

Na ukipendacho usikiache eti mpaka upone. Mimi napenda maji. Nilikuwa nakwenda ufukweni Mama Ngina alfajiri na daftari, naandika yanavyojaa na kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina huzidi mita tatu, na mwamba uliokuwa umefunikwa unaonekana wote na majani yake. Saa nzima hakuna wa kumwigizia. Ndiyo mapumziko niliyoyapata kwa kweli, kuliko zile siku 21.

Harusi zilinitia hofu, kwa kuwa kutokwenda ni kuwavunjia watu heshima. Nilimwambia shangazi, "Nitakuja siku ya kuchambua mchele, usiku wa ngoma uniwie radhi." Alinyamaza kidogo, kisha akanisogezea ungo. Tulichambua mpaka adhuhuri, mimi na yeye.

Chai niliweza kuipika tena mwezi wa tano tangu asubuhi ile. Kabla yake Mama alinibandikia karatasi ukutani: maji, majani, iliki, maziwa, sukari. Bado ipo. Wiki iliyopita, baada ya siku mbili za mikutano, niliisoma tena mstari kwa mstari, na chai ikaiva.