Sindano ya Shingoni

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama The Exorcist, filamu iliyotoka Desemba 1973, bado inatisha, au tunaisifu kwa mazoea tu. Jibu langu la haraka ni kwamba tunaisifu kwa mazoea. Kijana wa leo ameshaona kila aina ya kioja kwenye simu yake. Kile kichwa cha Regan, mtoto aliyeingiwa na shetani, kinachozunguka mpaka uso unatazama mgongoni kinamchekesha. Matapishi ya kijani anajua ni supu ya njegere. Ile sauti ya shetani iliyokuwa ikitukosesha usingizi ni ya mwanamke mtu mzima, mwigizaji Mercedes McCambridge, ambaye mwanzoni hata jina lake halikuwekwa kwenye filamu. Na Padri Merrin anayekuja kumtoa shetani, kikongwe yule anayetetemeka akimeza vidonge vyake vya moyo, ni Max von Sydow ambaye wakati huo hakuwa amefika miaka 45. Uzee wote ule ulipakwa na fundi wa vipodozi, Dick Smith. Ukishayajua hayo, utaogopa nini?

Ila nilipofika hapo nikakumbuka kwamba nimewahi kuona watu wazima wakiiogopa filamu hii, na hawakuogopa pale mtengenezaji alipotaka waogope.

Ilikuwa Tanga, Ngamiani, enzi za vibanda vya video. Wenye umri wangu mnavijua: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni ya chogo juu ya meza, na mtafsiri pembeni na kipaza sauti chake, rimoti mkononi. Wetu alikuwa hodari wa filamu za kareti, hajawahi kushika mkanda wa namna ile. Sasa, filamu yenyewe inaanza Iraki, kwenye magofu ya Hatra, na kitu cha kwanza unachosikia ni adhana. Mtafsiri, mtu wa heshima zake, akapunguza sauti ya televisheni amsubiri muadhini amalize. Adhana nayo ikafifia. Akaongeza sauti, adhana ikarudi. Akapunguza tena. Alipogundua kuwa muadhini yumo ndani ya mkanda, kibanda kizima kilikuwa hoi kwa kicheko, na nadhani kicheko kile kilituharibia ile robo saa ya kwanza, ambayo mwongozaji, William Friedkin, aliipika taratibu kwa makusudi.

Mtoto alipoanza kubadilika, kila mtu akawa mganga. Huyu anasema ni jini wa baharini, yule anasema ni la kutupiwa na jirani. Mtafsiri akampa shetani sauti ya bibi mmoja mkali wa Pangani, na matusi ya shetani akayafanyia hisani, maana mle kulikuwa na wazee. Mapadri walipoingia chumbani na maji yao ya baraka, mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa hasira, "Mbona hawamuulizi jina lake na anataka nini?" Swali la haki kabisa. Kwetu pepo akipanda huulizwa katoka wapi na haja yake nini, naye atataja marashi, ubani, kitambaa chekundu, pengine na mbuzi, ngoma ipigwe, mambo yaishe kwa makubaliano. Merrin yeye anamwonya mwenzake, Padri Karras, asizungumze na shetani zaidi ya lililo la lazima, kwa kuwa ni mwongo. Mtafsiri akaeleza hivyo. Mzee hakuridhika. "Sasa watamtoaje bila kuzungumza naye?"

Lakini hayo yalikuwa mazungumzo, si woga. Woga ulikuwa umeshakuja kabla ya hapo, pale hospitali. Nadhani mnaikumbuka: Regan amelazwa mezani, daktari anamchoma sindano shingoni ili wapige picha za mishipa ya ubongo, damu inaruka, halafu ile mashine inaanza kugonga. Hakuna shetani hapo, hakuna muziki, ni watu wa nguo nyeupe wakifanya kazi yao ya kila siku. Kibanda kikawa kimya. Mtafsiri naye kimya, hakuna la kutafsiri. Mlangoni alikuwepo mama mmoja aliyekuwa akituuzia mihogo ya kukaanga, ambaye kwa kawaida hatazami kilichomo, anahesabu chenji. Akasimama.

"Jamani, mtoto wa degedege hachomwi sindano! Watamuua!"

Mtafsiri akamjibu kwa kipaza sauti, "Mama, hii ni sinema."

"Najua ni sinema. Mwambie huyo daktari."

Hakucheka mtu. Yule mama akatoka, akaacha sinia lake pale pale mlangoni, na katika kibanda kilichojaa vijana wenye njaa hakuna aliyegusa kipande.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa. Ile imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa ilikuwa na nguvu sana, na bado kuna nyumba haijatoka. Sikumuuliza mama yule alichokiona kwenye televisheni ile. Hakuna mtu aliyemuuliza.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini filamu hii haifi, nitajibu kwamba wengi wanaikumbuka vibaya. Wanakumbuka kitanda kinachoruka. Mimi nikiirudia leo naona habari ya mama yake Regan, jinsi alivyozungushwa na madaktari. Daktari wa kwanza anasema ni neva, anaandika Ritalin, dawa ya watoto wasiotulia. Kisha wanahisi kidonda kwenye ubongo. Picha zinatoka safi. Wanarudia, safi. Wanaletwa wa magonjwa ya akili. Mama, mwigizaji wa sinema mwenye pesa zake na asiye na dini yoyote, anafoka kwamba amepata madaktari 88 na hakuna la maana walilomwambia. Na wanaomtajia mapadri kwa mara ya kwanza ni madaktari wenyewe! Padri Karras naye ni msomi wa magonjwa ya akili, lakini mama yake mzazi analazwa kwenye wodi ya kutisha kwa kukosa pesa, na mjomba anamwambia wazi kwamba asingekuwa padri mama angekuwa anaishi kwenye jumba. Maneno hayo yamesemwa kwenye misiba mingapi ya kwetu?

William Peter Blatty aliandika kitabu chake mwaka 1971, baada ya kukaa miaka mingi na habari aliyoisoma akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, ya mvulana wa jimbo la Maryland aliyeombewa mwaka 1949. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, alitaka watu waamini. Walioifuata baadaye wakaifanya duka, hata mwaka 2004 wakatuletea asili ya Merrin kule Turkana, filamu ambayo naomba tusiizungumzie.

Na hapa ndipo sifa zangu zinaponigeukia. Maana hicho hicho ninachokisifu, kwamba hospitali inashindwa na padri anafaulu, ndicho kinachonitia hofu nikifikiria ni nani anayetazama. Ndani ya filamu shetani yupo kweli, hivyo vipimo ni kupoteza muda. Nje ya filamu, mtoto anayetetemeka kwa malaria iliyopanda kichwani hana huo muda wa kupoteza kwa mganga wala kwa mwombeaji. Ninaye ndugu mwenye mtoto wa kifafa, anayekunywa dawa kila siku na amepata nafuu. Siku moja mtoto huyo akiwa kwetu mkanda huu ulikuwa uwekwe, nikasema tuangalie mpira.

Basi andikeni kwamba nimesema ndiyo, inatisha, ingawa mwanzo nilisema sivyo, na inanitisha mimi kuliko inavyowatisha vijana. Kwa masharti. Itazameni ile ya 1973, si toleo la mwaka 2000 walilochomeka Regan akishuka ngazi kinyumenyume kwa mikono na miguu, jambo lililonichekesha tu. Ingawa, kwa haki, hiyo ya 2000 ndiyo iliyorudisha safari ya kwanza ya Regan kwa daktari, na bila kipande hicho hamtaelewa mama yake anazungumzia daktari gani anaposema ni neva.